Pamba Niliyoiona kwa Sekunde Kumi na Nne

Jumanne, 8 Julai
Wateja wawili tu leo. Nani atanunua dawa ya wadudu Julai, pamba imeshavunwa? Nimeegemea magunia ya mbegu, nimemuota Milembe. Saluni yake inatazamana na duka letu la pembejeo, na ndiyo pekee mtaani yenye TV kubwa na intaneti ya mwezi mzima. Wanawake wanasukwa huku wanaangalia tamthilia. Ana kawaida yake: hafungui tamthilia mpya mpaka mtu anayemwamini aisifie.

Mtu huyo kwa sasa ni Bujiku, fundi simu. Bujiku! Ukimuuliza mwisho wa tamthilia ukoje, anajibu bado hajafika huko. Ndiyo kazi gani hiyo?

Jumatano, 9 Julai
Nimeipata! Tamthilia mpya, inatoka Jumamosi. Nimeona trela kwenye simu sekunde kumi na nne, bando likakata. Zinatosha. Uwanda mweupe mpaka upeo wa macho. Mwanamume kasimama katikati. Mwanamke yuko dirishani, anamsubiri. Pamba! Pamba ambayo haijapata kuonekana Simiyu nzima, shamba halina gugu hata moja.

Nikavuka barabara kumwambia Milembe. Akauliza kama nimeiona mwenyewe. Nikasema ndiyo, yote, kuna mtu Dar hunirushia mapema. Akatabasamu. Niliporudi dukani nilimuuzia mzee wa watu mbegu za mahindi, naye alikuwa ameomba alizeti.

Alhamisi, 10 Julai
Wameniita saluni niwasimulie. Nikawapa sehemu ya kwanza mpaka ya tano bila kupumua. Mkulima hodari. Mizani iliyochezewa. Karani mwizi. Binti wa dirishani, ambaye baba yake anataka mkwe anayejua shamba. Binti huyo nilimpa shingo ya Milembe. Elina, anayesuka pamoja naye, alilia mpaka mistari ya mteja ikaenda upande. Nami nililia kidogo. Bujiku akauliza karani anaitwa nani. Nikasema majina ya kizungu hayashikiki.

Kisha jambo kubwa! Milembe akanivuta kando. Kamsimulia baba yake kwa simu. Mzee Machibya analima pamba Lagangabilili, na anakuja Jumamosi kuiona hiyo tamthilia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba itakuwa vizuri baba anione na mimi. Anione mimi! Jioni nzima nimechagua majina ya watoto wetu. Wako wanne.

Jumamosi, 12 Julai
Mzee kaja na majirani wawili, wote na makoti ya kanisani. Nikainama, nikamwamkia kwa Kisukuma, Mwangaluka, akaitika vizuri. Akaketi mbele kabisa, nami ubavuni pake. Tamthilia ikaanza. Uwanda ule ule mweupe! Mzee akashusha pumzi, akasema hao watu wanajua kupalilia. Nikavimba kichwa.

Kisha ile pamba ikaanza kudondoka kutoka mawinguni.

Sehemu ya kwanza ikaisha, hakuna aliyevuna. Ya pili, watu wakaikanyaga kwa mabuti, na mtoto akaifinyanga akamtupia mwenzake usoni. Mzee akauliza, kwa adabu zote, wanavuna lini. Bujiku akamjibu taratibu kwamba ile ni theluji, baba. Saluni nzima ikaangua kicheko. Jirani mmoja alianguka na kiti. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho.

Milembe peke yake hakucheka. Akaniuliza mbele ya watu kama kweli niliiona. Nikasema niliyoiona mimi ni toleo la Dar.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Nimelala natazama dari. Ukiitazama sana inakuwa shamba jeupe, na kule mwisho kuna dirisha, na dirishani hakuna mtu. Inauma. Sikujua mtu anaweza kukikosa hivi kitu ambacho hakijawa chake.

Jumatatu, 14 Julai
Milembe kavuka barabara mwenyewe! Kasema baba amerudi Lagangabilili, na mpaka anapanda gari alikuwa anauliza kama yule karani alikamatwa. Kasema hadithi yangu ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye TV. Kasema ningemwambia tu kwamba nimeitunga, angefurahi zaidi. Bujiku hajui mambo mengi, kasema, lakini akisema hajaona, ujue hajaona.

Akabaki pale kaunta, anachezea pakiti ya mbegu za mchicha. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka naona aibu. Kisha akanitazama machoni, akauliza polepole: wanasema msimu wa pili utatoka mwakani, hata kuutengeneza hawajaanza. Je, nimeuona?

Nikaelewa. Ananipa nafasi nyingine! Mwanamke mwenye moyo gani huyu? Nikamwambia nimeuona wote, tena mara mbili. Karani anakamatwa Lamadi, kajificha kwenye gari la dagaa. Pamba inachanua upya, na binti anatoka dirishani, anatembea katikati ya weupe mpaka kwa yule mkulima.

Akaiweka pakiti mahali pake, akavuka barabara kurudi bila hata kuaga. Bujiku alikuwa mlangoni pa saluni, akampisha aingie.

Furaha imemzidi, maskini.