Bata Bukini wa Redioni

Jumatatu, 22 Aprili
Usaili wangu wa chuo cha uuguzi ni Ijumaa saa nane mchana, kwa video. Siku nimechagua mwenyewe, kwa akili. Wiki ya bata bukini sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa hapa ghubani kaskazini mwa Kanada, huhamia kambini kuwawinda. Dishi moja la intaneti la kijiji kizima litabaki na mimi. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 24 Aprili
Bata hawajafika. Kijiji kizima kimekaa ndani kinatazama filamu. Nimejaribu video, picha ikaganda. Nilikwenda kwa jirani, Bi Delphine, kumwomba apunguze tamthilia. Mlangoni haya zikanishika, nikaomba sukari. Tunayo sukari tele.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimepiga simu redio ya kijiji nikiwa chini ya blanketi. Sauti nzito. Nikajifanya mzee aliyeona kundi la kwanza likitua ghubani. Mtangazaji akauliza mzee nani. Nikakata. Kabla ya chakula cha jioni pikipiki za theluji zote zimeondoka. Bibi kasema huyo mzee anaongea kama aliyemeza soksi.

Ijumaa, 26 Aprili
Kijiji kimya, picha safi ajabu. Mama wa chuo akauliza kwa nini nataka uuguzi. Nikafungua mdomo. Dishi likazimika. Nikakimbia ofisi ya dishi: jenereta imeishiwa mafuta, mlango una kufuli. Ufunguo anao Mjomba Xavier, mtunza dishi. Mjomba yuko kambini, kafuata bata wangu.

Jumapili, 28 Aprili
Bata wamekuja kweli. Mjomba karudi mara moja kumletea Bibi bata wake wa kwanza, maana kwetu wa kwanza haliwi na aliyempiga, hupewa mzee. Akasema angemjua yule mzee wa redioni angempa yeye. Bibi akanitazama, akaniwekea bata mapajani. “Haya, mzee, nyonyoa.”

Jumatatu, 29 Aprili
Chuo wamenipigia simu, wamenipa nafasi ya mwisho: Alhamisi. Bibi kasema nimwombe tu Mjomba aache ufunguo, ni mjomba wangu, hang'ati. Nilimfuata akifunga mizigo. Nikamwomba sukari. Akaondoka na ufunguo.

Hata hivyo njia ipo. Alhamisi asubuhi nitapiga redio tena, safari hii kwa sauti ya bibi kizee. Nitasema kundi kubwa kuliko yote limetua hapa hapa kijijini, nyuma ya ofisi ya dishi. Redio inasikika hadi kambini; Mjomba atarudi mbio, na ufunguo wake.

Blanketi nimeshalitoa.