Nifufueni Kabla ya Uchumba

Kipruto wa Bodaboda,
Bondeni, Nakuru.

Kwa Meneja wa Vipindi vya Televisheni,

Mheshimiwa mzee wangu,

KUH: KUFUFULIWA KWANGU

Pokea salamu kutoka kwa marehemu. Mimi ndiye yule kijana aliyekufa kwenye drama yenu ya "Wale wa Kwanza", ile inayohusu miaka ya themanini, wakati Ukimwi ulipoingia na watu wakawa hawajui ni kitu gani. Kwenye mchezo ninaitwa Yohana. Jina la kweli ni Kipruto, mwendesha bodaboda, na watu wa steji yetu ya pikipiki watakwambia kwa sura sina mpinzani. Nimesoma hadi kidato cha pili, lakini nilikirudia, kwa hivyo ukijumlisha ni kidato cha nne. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mliniua mapema. Dairekta wenu mwenyewe alisema hajawahi kusikia kikohozi kama changu. Siku ya kurekodi nilikohoa hadi mbwa wa jirani akahama. Halafu mnanizika episodi ya tatu, na yule anayeigiza chifu, ambaye hata kusimama anasimama vibaya, yuko hai mpaka leo. Mtu mwenye kipaji hazikwi hivyo.

2. Tangu nife, kazi imeharibika. Wateja huniuliza kwanza kama nina nguvu za kushika breki. Mama Wachuka, anayeuza chapati hapa Bondeni, akiniona tu machozi yanamtoka, ananipakulia maharagwe ya bure ili nirudishe mwili. Ninakula, ndiyo, lakini ninakula kwa uchungu.

3. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani. Niliwaeleza kwa upole kwamba sijawahi kuugua, kwamba kule kukonda ni poda ya meki-apu ikisaidiwa na njaa yangu ya kawaida. Wakapiga vigelegele. Wakasema nimepona kabisa, hadi nimesahau kwamba niliugua. Sasa nimepangiwa siku ya kutoa ushuhuda. Nikaenda kupimwa, nikaleta karatasi kwamba niko sawa. Ndegwa, mwenyekiti wa steji yetu, akaigeuza mbele na nyuma, akasema mashine za siku hizi haziwezi kuona ugonjwa wa zamani.

4. Hapa sasa ndipo penye moto. Nina msichana wangu, Chepchumba, kwao Olenguruone. Nilipanda huko na wajomba zangu kwenda kumwomba rasmi, mimi nikiwa nimevaa suti ambayo hata mwenyewe iliniogopesha. Chai ikaletwa. Kila mtu akapewa kikombe cha udongo chenye maua. Mimi nikapewa cha plastiki, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake.

Mheshimiwa, unakumbuka uzi huo. Ni ule ambao mama yake Yohana alifunga kwenye kikombe cha mwanawe, ili mtu mwingine asikinywee kwa makosa. Kumbe shangazi zake Chepchumba hawajakosa hata episodi moja. Nyanya yao, Kogo Chesang, ambaye neno lake kwenye boma lile ndilo la mwisho, alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akainuka, akatoka nje. Ndipo baba mdogo wa msichana, mzee Kipngeno, akaniuliza mbele ya wote: "Kijana, kabla hatujafika mbali, wewe ni wa kufa lini?"

Nikasema nimeshakufa, ilikuwa Jumapili iliyopita. Jibu hilo halikunisaidia. Tukaambiwa turudi nyumbani tungoje, mpaka Kogo atakaposema.

5. Kwa hivyo ninaomba nifufuliwe, haraka, kabla Kogo hajasema. Si jambo gumu. Dawa zipo siku hizi, na hutolewa bure. Pale stejini mwenzetu Valarie anameza zake kila siku, na kwa mlima wa Menengai huniacha nyuma nikihema. Mnipe Yohana, nitambeba kwa pikipiki yangu hadi hospitalini, apewe dawa, anenepe. Ndiyo, mimi mwenyewe nitanibeba mimi. Mkisema dawa hizo hazikuwako wakati ule, tafadhali tazameni tena mazishi yangu: nyuma ya kaburi kuna mlingoti wa simu za mkononi. Kama mlingoti uliweza kufika mwaka huo, vidonge vitashindwaje? Akishapona, Yohana amwoe yule nesi aliyemwuguza, harusi ionyeshwe yote, na shangazi wapewe nafasi ya mbele.

Nikikosa jibu, nitakuja kukohoa ofisini kwenu.

Wasalimie dairekta, mpishi wa seti, na yule mama aliyenichimbia kaburi la kina cha heshima. Chifu usimsalimie.

Ni mimi, aliyezikwa na bado anadai,
Kipruto.

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha nilipoitwa Olenguruone. Kogo alikuwa akiningoja na kile kikombe cha plastiki, uzi haujatolewa. Akanimiminia chai, nikanywa nusu. Akakichukua mkononi mwangu, akaimaliza iliyobaki, shangazi wote wakitazama. Kisha akaleta kikombe cha bati kilichobambuka rangi, nacho kina uzi, mwekundu wa zamani. Kilikuwa cha kaka yake, Kiptum, aliyeugua miaka ile ya mwanzo. Kogo wakati huo alikuwa ameolewa mbali, na watu wa kwao wakamkataza kuja kumwona. "Alikunywa peke yake mpaka akaisha," akasema. "Wewe utakunywa na sisi." Uchumba umepita.

Kwa hivyo, mheshimiwa, tafadhali msinifufue. Rudieni tu ile episodi ya tatu Jumapili. Kogo anajua ni mchezo, lakini amesema safari hii atavuta kiti hadi karibu na televisheni, nisife bila mtu.