Fundi Mstari na Ubao wa Macho

Zamani jina la duka liliandikwa kwa mkono, na mwandishi akavuka barabara kulitazama kabla hajaosha brashi. Siku hizi mashine inalitema kwenye plastiki, jua la miezi mitatu linalifuta, na hakuna anayelilia.

Mtaani alibaki mmoja tu wa kuandika ukutani. Aliitwa Fundi Mstari, kwa sababu alipiga mstari mnyoofu kona hadi kona bila uzi wala rula. "Rula ni fimbo ya kipofu," alipenda kusema. Jicho lake, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimhesabia nzi miguu akiwa bado angani.

Basi ilikuwaje akauamkia mtungi wa maji barazani, "Hujambo, mkwe wangu"? Alisema ni adabu. Chai akaimimina mezani. Alisema kikombe kimesogea. Lakini siku alipomaliza ukuta wa duka la dawa, akakosa kipandio cha tatu, akateremka pamoja na kopo zima la rangi ya bluu, binti yake aliifungia ngazi stoo na ufunguo akauvaa shingoni.

"Ngazi utaipata ukipita kipimo cha macho, baba."

"Fundi bila ngazi ni nini, mwanangu?"

"Ni baba mwenye miguu miwili mizima."

Siku tatu Fundi alikaa akitazama kuta za jirani kama mtu aliyenyimwa chakula. Ya nne akaamka anacheka peke yake. Alikuwa amekumbuka kwamba ubao wa herufi wa kliniki ya macho aliuchora yeye, miaka kumi na tisa iliyopita, na kila mstari aliujua kama majina ya wanawe.

Huko kliniki, binti akiwa kando, nesi akamkalisha na kumziba jicho la kushoto. "Soma pale mbele, mzee."

Fundi akajinyoosha. Akazishusha herufi kubwa, ndogo, ndogo zaidi, mpaka ule mstari wa mwisho unaowatoa marubani jasho. Hakusita hata mara moja. Akatia na nyongeza: "Chini kulia kuna doa la rangi. Mbu aliniuma."

Nesi akamtazama binti. Binti akatazama sakafu.

"Shikamoo tena, mzee wangu," nesi akasema. "Ubao ule tuliutoa mwaka jana. Siku hizi tunatumia mashine, na sijaiwasha bado. Hapo umelisoma koti la daktari lililotundikwa ukutani."



"Limeandikwa vizuri," Fundi akasema.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, ukungu kwenye macho yote mawili. Nesi akamweleza taratibu kwamba ukungu ule hauumi, unajongea kidogo kidogo na mwenyewe anauzoea. Ndiyo maana mtu hupimwa hata akijiona mzima. Kisha akamgeukia binti. "Na wewe dada, mbona unanikodolea? Keti hapo." Binti naye akaandikiwa miwani.

Fundi akapasuliwa jicho moja, baadaye la pili. Siku aliporuhusiwa kurudi kazini walitembea kwa miguu, yeye akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa njiani, mpaka namba za magari. Mbele ya duka la dawa akakwama. Herufi za bluu zilianzia dirishani zikaishia mtaroni, zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana nyumbani.

"Umeona vijana wa siku hizi? Hawana jicho kabisa. Mshamba gani kaandika hivi?"

Binti akapangusa miwani yake mpya, akainama kwenye kona ya ukuta kulikokuwa na sahihi yenye mbwembwe.

"Anaitwa Fundi Mstari, baba."

Fundi akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Mara ya mwisho alipoziona herufi zile ilikuwa kesho yake asubuhi, yeye juu ya kipandio cha nne, binti ameishika ngazi kwa mikono miwili, rangi nyeupe ikizimeza moja baada ya moja. Sahihi aliiacha mwisho, akaipitishia brashi mara mbili.

Kwenye mfuko wake wa nyuma ilichungulia rula.