Mwarobaini wa Perry Barr

Bethuel aligundua mwarobaini Perry Barr, mjini Birmingham, mwaka wa sabini na tatu, akiwa kituo cha basi bila nauli. Mti wenyewe ulikuwa mti wa Kizungu tu, usio na habari na mtu, ila majani yake yalijipanga pande mbili za kijiti kama ya mwarobaini. Aliutazama mti, mti ukamtazama, wakaelewana.

Aliyachuma majani, akayakausha juu ya hita ya mafuta ya taa, akayanyunyizia shubiri ili yawe machungu, akayatia kwenye bahasha. “Yameshuka na ndege kutoka Mombasa,” aliwaambia wafanyakazi wa viwandani, manesi, na kila mwenye mgongo. Mteja akisitasita, Bethuel alifungua chupa yake mwenyewe, akanywa kikombe kizima huku amekunja uso. Mle ndani mlikuwa na chai ya rangi.

Dawa isiyo na masharti haiuziki, hilo alilijua. Kwa hiyo kila bahasha aliiandika: mjamzito asinywe, mtoto mdogo asipewe, mwanamume anayetaka watoto akae mbali nayo. Hayo hakuyabuni. Nyanya yake aliyasema juu ya mwarobaini halisi. Ndiyo maneno pekee ya kweli katika biashara nzima, na ndiyo yaliyomponza.

Maana alimpenda Jemima, nesi, na mjomba wake Jemima, Mzee Barnabas wa Great Barr, alitaka posa iletwe na mzee wa kumsemea kijana. Bethuel hakuwa na ndugu Birmingham. Akamchukua Chhotubhai, mwenye duka, ambaye tumbo lake lilifunga siku alipofukuzwa Kampala, likafunguka kwa kikombe cha tatu cha dawa.

“Kijana huyu hauzi asichokunywa,” Chhotubhai alisema kwa fahari, sebuleni kwa Mzee Barnabas. “Mwaka mzima, kila siku kikombe! Mbele ya macho yangu!”

Mzee Barnabas akatua chai. Akachomoa mfukoni bahasha ya dawa hiyo hiyo, akavaa miwani, akasoma sharti la tatu kwa sauti ya kanisani.

“Mwaka mzima, kijana?”

“Hiyo ni tahadhari tu, Mzee.”

“Mwandiko wa nani?”

“Wangu.”

Bethuel aliiona harusi ikitoka mlangoni. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akasema kweli.

“Mzee, si mwarobaini! Ni majani ya kituo cha basi! Na mimi nilikuwa nakunywa chai ya rangi!”

Chhotubhai akasimama, mkono tumboni. “Aibu, Bethuel bhai! Madaktari watatu walishindwa, majani ya kituo cha basi yafungue tumbo hili?”

“Ni shubiri! Ya duka la dawa!”

“Sasa anadanganya ili aoe,” Chhotubhai alimwambia Barnabas kwa huzuni. “Kijana mzuri. Dawa nzuri sana. Lakini msichana msimpe.”

“Jemima, wewe ni nesi, waambie!”

“Sisi tumefundishwa kufuata kilichoandikwa kwenye dawa, Bethuel,” Jemima alisema, akaondoa sinia.

Mzee Barnabas alimsindikiza Bethuel mpaka mlangoni, akampa koti lake, akainama sikioni.

“Mimi nina watoto tisa, wanatosha. Jumamosi niletee bahasha mbili.”