Siku Niliyowapigia Matumbawe Ngoma Peke Yangu

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Tononoka. Atakayepita kwenye ule uwanja wa shule akauona umelala chini, aniokotee, aniletee Kibokoni. Mimi mwenyewe sitoki ndani wiki nzima.

Naeleza tangu mwanzo, maana najua wengine mlikuwapo na mshaanza kueneza. (Na wewe uliyerekodi kwa simu, Mungu anakuona. Futa.)

Bendi ya Matumbawe mnaijua. Kama huijui, basi wewe si wa Mombasa, ama ni wa Mombasa lakini hukai na watu. Ni watu wanne, wote wameshapita hamsini, wanaopiga roki za zamani za Wazungu, zile za magitaa ya kulia na wapigaji wenye nywele hadi mabegani. Wao wenyewe nywele hawana. Bi Wanza pekee ndiye anazo, na huzifunga kilemba.

Aliyeianzisha ni Mzee Chengo. Ni Mgiriama, fundi wa mashua pale Liwatoni. Zamani alimtengenezea baharia mmoja mashua yake, na baharia akaondoka akamwachia katoni ya kaseti na gitaa la nyuzi nne. Gitaa lenyewe lilitakiwa liwe na sita. Chengo hakujua! Alijifunza nyimbo nzima nzima kwa nyuzi nne, na alipokuja kuzipata zile mbili zilizobaki akaziona anasa. Mpaka leo ukimsikiliza ukiwa umempa mgongo, utadhani wako watatu.

Bi Wanza ni Mkamba, alikuwa karani wa reli na mwimbaji wa kwaya. Siku moja alikwenda Liwatoni kununua samaki, akamsikia Chengo nyuma ya ukuta akiimba Kizungu ambacho hakipo duniani. Akashindwa kuvumilia. Aliingia na samaki wake mkononi, akamwimbia ubeti wote kama unavyotakiwa, na Chengo akamtolea kiti. Hicho kiti hajakiacha.

Yeye ndiye aliyemleta Bwana Were, mtu wa afisi za bandari, ambaye wenzake walikuwa wamemhamisha chumba kwa sababu ya kugonga meza kwa kalamu kutwa nzima. Wakampa ngoma. Ugonjwa ukawa kipaji.

Na Mwalimu Twalib wa hesabu, mtu wa Mji wa Kale kama mimi, yeye alikuja kushtaki! Alikuwa msikiti wa karibu, na ngoma za Were zikaingia katikati ya adhana. Akawafuata na kanzu yake na hasira zake. "Masalkheri. Hizi kelele za nani?" Wakamwomba radhi, wakamkaribisha kahawa, na katika kunywa akaliona gitaa la besi limeegemezwa ukutani halina mwenyewe. Kumbe alikuwa akilipiga kwa siri tangu chuo cha ualimu. Akakubali kuingia kwa sharti moja tu: muadhini akifungua kinywa, hakuna kinacholia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipozikwa.

Bendi nyingi zikisikia adhana huzima, hunywa maji, hupiga soga, halafu huanza wimbo mwingine. Matumbawe hawafanyi hivyo. Mwalimu Twalib huinua mkono, na wote wanne hukatika hapo hapo, hata kama Bi Wanza yuko katikati ya neno. Huinamisha vichwa, wa msikitini na wa kanisani sawasawa. Adhana ikiisha hakuna anayeuliza tulikuwa wapi. Bwana Were huinua vidole vinne, akavikunja kimoja kimoja, na wote huingia pale pale walipoachia. Bi Wanza humalizia lile neno lake nusu, kwa sauti ile ile, kana kwamba alipumua tu.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi na kila mara nywele hunisimama. Watu wa bara wanaofanya kazi bandarini huleta wageni wao waje waone hilo tu. Hata ukinikuta nimelala, ukaniuliza ni bendi gani bora pwani hii, nitakujibu bila kuamka.

Sasa bega la kulia la Bwana Were limekwisha. Hospitali wamemkataza kupiga. Mimi nauza katika duka la dawa Makadara, na ngoma nimepiga tangu madebe ya mafuta ya kupikia, kwa hivyo nilipopata habari nikawaganda miezi minne. Juzi Bwana Were akanipigia simu.

"Daktari," akaniambia. (Ndivyo wanavyoniita. Mimi huuza dawa ya kikohozi.) "Jumamosi tuna shughuli Tononoka, twamuaga mwalimu mkuu anayestaafu. Utapiga nyimbo tatu. Ukitufaa, kiti ni chako."

Tangu siku hiyo chakula hakikupita. Mama akadhani nimependa mtu. Nilipomweleza, akanisogezea sahani.

"Yaani huli kwa sababu ya makelele?"

"Mama, njoo usikie mwenyewe. Ukiona ni makelele, naacha."

Akasema atakuja. Mjue Mama hajapata kunisikia nikipiga hata siku moja, ila kupitia ukutani, na ukutani yeye hugonga nami hunyamaza. Basi leo nilikuwa na mitihani miwili.

Bwana Were alikuwa amenionya kuhusu lile toazi la kushoto. "Hilo ndilo lililonila sikio. Jihadhari nalo." Mtu mwingine angeshukuru tu. Mimi ni mtu wa afya! Asubuhi nikafungua pamba mpya dukani, nikavingirisha vidonge viwili, kimoja kwa kila sikio, nikavipaka mafuta ya mgando ili visitoke, nikavisukuma kitaalamu. Nikajitazama kwenye kioo. Safi. Muuzaji mwenzangu aliniuliza kitu, nikaona midomo tu inacheza.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nilijipongeza.

Saa tisa tukaanza. Uwanja umejaa wazazi, walimu, wake zao, mwalimu mkuu kavishwa koja la asmini. Mama yuko safu ya tatu na buibui lake, mkoba mapajani, uso kama wa hakimu. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Niliwasikia kwa mbali, kama mtu aliyezama anayesikia walioko ufukweni, lakini besi ya Mwalimu ilikuwa ikinigonga mbavuni kupitia kiti, na hiyo ilinitosha. Wimbo wa pili vizuri zaidi. Bwana Were, aliyekuwa amekaa pembeni ya jukwaa, akanipa dole gumba. Mama akatikisa mguu. (Mara moja. Lakini niliuona.)

Wimbo wa tatu ni ule mrefu, unaoanza pole pole ukaja kufumuka. Ulipofumuka, na mimi nikafumuka nao. Nikafumba macho.

Ghafla, besi ikatoweka mbavuni.

Sikufumbua. Bwana Were alikuwa amenihadithia kwamba siku ukipiga vizuri mno, wenzako hunyamaza wote wakakuachia uwanja peke yako. Nikasema, Ya Rabi, leo leo? Wimbo wa tatu tu? Wameniachia!

Nikapiga. Jamani, nilipiga. Vitu nilivyokuwa nimeviweka akiba tangu ujana nilivitoa vyote. Nikafumbua jicho moja nitazame watu.

Wameganda. Uwanja mzima. Hakuna anayetafuna, hakuna anayezungumza. Akina mama wanajitanda leso vichwani. Wazee wameinama. Mwalimu mkuu ameshusha kikombe chake mezani taratibu. Nikajisemea, hawa nimewagusa! Sijapata kuona watu wamenyenyekea namna hii mbele ya ngoma. Nikatazama wenzangu: Chengo kainama, Bi Wanza kainama. Nikaona ni heshima, nami nikawaitikia kwa kichwa, kama kuwaambia inueni tu vichwa, sisi ni kitu kimoja.

Mwalimu Twalib alikuwa ameinua mkono. Na huo mkono niliuona! Nikadhani ananionyesha kwa watu.

Basi nikarusha kijiti juu, nikakidaka. (Nyumbani huwa sikidaki. Leo nimekidaka. Siku zote hukidondosha, leo nimekidaka.)

Bwana Were alikuwa akinipungia kwa mkono wake mzima. Nikampungia.

Halafu nikamwona Mama ameinuka. Anakuja jukwaani, hatua kwa hatua, buibui limembana, watu wanampisha. Machozi yakanilenga. Nyote mnajua kwetu mama akifurahishwa na ngoma ya mwanawe, huja kumtuza, humfunga leso shingoni mbele za watu. Mama yangu! Aliyekuwa akigonga ukuta! Akapanda vile vidaraja vya jukwaa, akaja mpaka kitini, nami mikono ikiendelea nikamwinamishia shingo anifunge leso.

Akatia vidole viwili sikioni mwangu, akachomoa pamba.

Nikasikia maneno ya mwisho kabisa ya adhana ya alasiri, yametulia, yako wazi, kutoka msikiti wa mtaa wa pili. Na juu yake palikuwa na mtu mmoja anapiga matoazi. Mtu huyo ni mimi.

Mikono ikafa. Toazi halikufa, liliendelea kulia peke yake mpaka Mama akalishika.

"Nasoro," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na kipaza sauti cha ngoma kikambeba mpaka barabarani. "Yuwaadhini mtu, nawe wapiga?"

"Sikusikia, Mama."

"Wasikiaje?" Akakiinua kile kidonge cha pamba kinachong'aa mafuta, uwanja mzima ukakiona. "Mashikio yamesakafiwa!"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Mimi mtoto wa Kibokoni, niliyezaliwa nyumba iliyopakana na msikiti, nimefanya ambalo Bi Wanza na kwaya yake, Bwana Were na kanisa lake, hawajalifanya hata siku moja tangu bendi ianze. Nilitamani jukwaa lifunguke. Nikaweka vijiti mapajani, nikajua kiti kimekwenda.

Sasa angalieni Matumbawe ni watu wa namna gani.

Bwana Were akapanda. Akaketi kwenye ubavu wa kile kiti changu, tukabanana, akachukua kijiti kimoja kwa mkono wa kushoto. "Mguu na mkono wa kulia ni wako," akaninong'oneza. "Kushoto ni kwangu. Toa na hiyo pamba ya pili." Nikatoa. Akakiweka kijiti mapajani, akainua vidole vinne. Vitatu. Viwili. Kimoja.

Na Bi Wanza akamalizia neno lake.

Wallahi nilisahau aibu. Adhana nzima ilikuwa imepita, na mjinga mmoja amepiga kelele juu yake mwanzo hadi mwisho, na wao hawakupoteza hata chembe ya mahali walipokuwa. Gitaa la Chengo likaingia kana kwamba halijapata kutoka. Besi ikarudi mbavuni, lakini safari hii niliisikia pia. Ndipo nilipotambua kuwa nyimbo mbili nzima nilikaa katikati ya watu hawa ninaowahusudu miaka yote, na sikuwasikia. Nilikuwa nikijisikia mimi. Hilo limeniuma kuliko pamba kuinuliwa mbele za watu.

Tukaumaliza wimbo, wapigaji wawili kwenye kiti kimoja. Watu wakainuka kupiga makofi, na safari hii walikuwa wameguswa kweli.

Baadaye Mwalimu Twalib akaenda kusali, nami nikamfuata nyuma yake, nikiomba maghufira kwa kirefu. Tuliporudi, wenzake walikuwa wamekaa nyuma ya jukwaa na sinia la mahamri. Nikamnyooshea Bwana Were vijiti vyake kwa mikono miwili.

"Niwieni radhi nyote. Nimewavunjia jambo lenu kubwa."

Hakuvipokea. Wakaanza kunijadili nikiwa nimesimama hapo hapo, kana kwamba pamba ingali masikioni.

"Mkono anao," alisema Mzee Chengo.

"Mkono anao, masikio hana," alisema Bi Wanza. "Mlimwona alivyonikubalia kwa kichwa? Mimi niko kwenye heshima zangu, yeye anipa ruhusa!" Hapo wakacheka, wote watatu, mpaka Chengo akapaliwa na hamri.

Mwalimu Twalib alisubiri wamalize. Kisha akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi la swali jingine.

"Daktari, kupiga wajua. Tatizo lako hujui kuacha, na kwetu sisi kazi ni hiyo. Jumamosi ijayo uje Liwatoni. Utakaa na Bwana Were kwenye hicho kiti, mkono mmoja mmoja kama leo, mpaka tukuone umejua kunyamaza. Hapo kitakuwa chako."

 Niliitikia kwa kichwa tu. (Wameniambia huo ndio mwanzo mzuri.)

Njiani kurudi tukafika Makadara. Nikajikaza nikamuuliza, "Mama, ni makelele?"

Akafikiri. "Wale wenzako ni watu wa adabu sana," akasema. "Usiwaache."

Basi ndiyo hivyo, jamani. Tafadhali msinicheke. Na kama hamwezi kujizuia, chekeni kwa sauti ya chini, maana Mama yuko chumba cha pili anamsimulia shangazi kwa simu, na leo nataka kusikia.