Kampasi Isiyo na Hofu

Hofu ilikomeshwa rasmi katika Kampasi ya Kwemkunde siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mara tu baada ya chai. Tangazo lilisomwa na Kaimu Rasi, mkuu wa kampasi mwenyewe, Dakta Jonathan Mdoe, mbele ya wakuu wa idara. Lilisema kwamba kampasi imefikia kiwango cha sifuri cha uoga kazini, mafanikio ambayo hayajapata kufikiwa na taasisi yoyote ya elimu ya juu katika kata nzima. Wakuu wa idara walipiga makofi. Taasisi nyingine ya elimu ya juu katika kata hiyo haikuwepo, lakini hilo halikupunguza uzito wa jambo.

Ili kuuona ukubwa wa mafanikio hayo, inabidi kwanza kuijua njia. Kampasi imejengwa kwenye shamba la zamani la mkonge, pembeni ya barabara ya kutoka Korogwe kwenda Handeni. Madarasa, maktaba na jengo la utawala viko juu kilimani. Geti, kituo cha basi na nyumba za watumishi viko chini. Katikati ni mkonge mtupu, uliozeeka bila kuvunwa, vichaka vimejaa kati ya mistari kiasi kwamba mtu akichutama humwoni hata ukimpita hatua mbili. Masika yalipozoa kalavati, magari yakawa yanaishia getini, na kila mtu, mwenye shahada na asiye nayo, akawa anapanda na kushuka kwa miguu. Nguzo za taa zilikuwepo. Taa zenyewe zilikuwa katika awamu ya pili.

Dakta Mdoe hakuona tatizo katika njia hiyo. Alishuka kila siku saa tisa alasiri, jua likiwa kali na wanafunzi wamejaa njiani, na alieleza kwamba huondoka mapema ili asiwaongezee wengine msongamano. Masomo ya jioni, ambayo aliyaanzisha yeye bila kuongeza mhadhiri hata mmoja, yaliisha giza likiingia. Wahadhiri wale wale waliofundisha tangu asubuhi ndio walioyafundisha, na ndio walioshuka mwisho.

Ndipo ikatokea ya Hosiana. Hosiana alikuwa mkutubi, mama wa Kishambaa mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa anafunga maktaba peke yake kwa sababu msaidizi wake alihamishwa na nafasi haikujazwa. Jioni moja watu wawili walimtokea kutoka kwenye mkonge. Walichukua simu na pochi, na alipochelewa kuiachia pochi walimkata panga mkononi. Alishonwa hospitalini Korogwe. Taarifa ya utawala ililiita tukio hilo "upungufu wa mali binafsi uliotokea nje ya saa za kazi", ikamtakia mhusika uponaji wenye tija.

Chama cha wafanyakazi kiliomba kikao. Mwenyekiti wake alikuwa Faudhia, mhadhiri wa kilimo, binti wa Kizigua kutoka Handeni ambaye hakuwa na desturi ya kuzunguka mbuyu.

"Mkuu, maombi yetu yanajulikana," alisema. "Mkonge ufyekwe kando ya njia. Taa ziwekwe. Walinzi waongezwe, na masomo ya jioni yapate watu wa kuyafundisha. Hosiana nusura apoteze mkono."

Dakta Mdoe aliunganisha vidole vyake juu ya meza. "Nimewasikia, na nimeguswa. Ila mmechanganya mambo. Taa ni suala la miundombinu. Mkonge ni suala la mazingira. Ninyi mnaloniletea hapa ni hofu, na hofu ni suala la rasilimali watu."

"Panga si hofu, mkuu. Panga ni panga."

"Umeliona wewe?"

"Hosiana kaliona."

"Basi tuseme hofu ya Hosiana ina msingi. Je, ya kwako?"

Faudhia akafunga daftari lake. Dakta Mdoe alibaki ameridhika sana na kikao, maana hakuna kilichoamuliwa.

Lakini moyoni hakuwa ametulia. Cheo chake kilikuwa bado Kaimu, na neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wanafunzi walimwita Rasi, mkewe alimwita Rasi, ila barua zote kutoka Baraza la Chuo ziliendelea kuandikwa Kaimu. Baraza lilikuwa limedokeza kwamba litamthibitisha likiona kampasi imetulia. Kampasi yenye taa mpya, alivyowaza yeye, ni kampasi iliyokiri kwamba kulikuwa na giza. Akaona heri kuanzia kwenye mzizi, yaani kwa wanaoogopa.

Akaunda Kamati ya Kudhibiti Hofu Mahali pa Kazi. Kwa kuwa hofu isingeweza kujadiliwa kwa uhuru pale inapotokea, kamati ilifanya kikao kazi Mombo, kwenye nyumba ya wageni yenye kuku wa kuchoma na upepo wa milimani. Ilirudi imenenepa kidogo na ikiwa na waraka.

Waraka ulisema kwamba kuanzia sasa mtumishi yeyote ana haki ya kusindikizwa kutoka jengo la utawala hadi getini. Wafanyakazi walipofika hapo walidhani wanaota. Waliposoma chini yake wakaamka. Haki hiyo ilikuwa ya mtu mwenye hofu tu, na mwenye hofu alitakiwa asimame mbele ya kibanda cha mlinzi kilicho nje ya jengo la utawala, waliopo wote wakisikia, ataje jina lake, cheo chake na idara yake, na atamke kwa sauti inayosikika: "Naogopa." Asiyetamka hasindikizwi, bila kujali wadhifa.

Hapo ndipo ungeiona akili ya Dakta Mdoe. Kusindikizana kwetu ni uungwana wa kawaida. Mgeni akiaga unanyanyuka, unamtoa mpaka njiani, huulizi kama anaogopa. Yeye aliuchukua uungwana huo akauwekea sharti la aibu. Mwanamume mwenye shahada ya uzamivu, mbele ya wanafunzi wake wanaokula karanga kwenye ngazi, angesema nini? Wiki ya kwanza hakusema mtu. Wahadhiri walikaza roho, wakashuka wametawanyika huku wanapiga mluzi, na mzee Ukasha, mlinzi wa zamu ya jioni, alikaa kibandani na rungu lake bila mteja. Kwa hesabu za kamati, watumishi waliotamka hofu walikuwa sifuri. Ndiyo sifuri ile iliyotangazwa Jumatatu baada ya chai, na siku hiyo hiyo ikapelekwa kwa Baraza pamoja na mwaliko.

Chama kilikutana kantini jioni ile ile. Wengi walikuwa wanatukana. Faudhia aliwaacha wamalize.

"Ametupa haki," alisema. "Mimi sioni kwa nini tuikatae."

Aliyeanza alikuwa Salimu wa Hisabati, pande la mtu ambalo wanafunzi walilikwepa hata kwenye korido. Alisimama mbele ya kibanda, akakohoa. "Mimi Dakta Salimu, Mhadhiri Mwandamizi, Idara ya Hisabati. Naogopa."

Kwenye ngazi wanafunzi waliangua kicheko. Kisha akasimama Faudhia. Kisha Hosiana, bandeji ikiwa bado mkononi, na alipotamka yeye kicheko kilikatika. Wakafuata wa Historia, wa Kilimo, wafanya usafi, wapishi, mhasibu. Mzee Ukasha aliwasikiliza wote kwa heshima, akawapanga mstari, akatangulia na rungu. Walishuka kundi moja, wakiwa na tochi za simu, wanaongea na kuchekana. Mkonge ulikaa kimya pande zote mbili.

Ikawa ndiyo desturi. Kila jioni, masomo yakiisha, kampasi nzima ilijipanga na kuogopa kwa zamu. Hakuna aliyeguswa tena. Mzee Ukasha akishawafikisha hakurudi juu, kwa sababu Kaimu Rasi alikuwa ameondoa lindo la usiku kilimani; kampasi isiyo na hofu, alieleza, haiwezi kulindwa dhidi ya kitu ambacho haina.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuishuhudia desturi hiyo, saa tisa akiwa keshashuka. Habari aliipata kwa Upendo, katibu muhtasi wake.

"Mkuu, jioni watu wanatamka kwamba wanaogopa."

"Wangapi?"

"Wote."

Dakta Mdoe alitabasamu kwa huruma. "Upendo, 'wote' si takwimu. Ukipata takwimu niletee."

Siku ya ugeni ikafika. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mama Getruda, mwalimu mstaafu aliyekuwa na tabia ya kusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo viongozi wengi hulipenda bila kujua madhara yake. Dakta Mdoe alimpokea getini mchana, akampandisha kilimani polepole, akimwonyesha mkonge kwa mkono mpana.

"Urithi wetu, Mama Mwenyekiti. Hatuugusi."

"Nilisikia kuna mama alikatwa panga."

"Uvumi ulikuwepo. Sasa hivi tuna sifuri."

Ukumbini palipigwa ngoma, pakasomwa risala, pakaliwa pilau. Kisha Dakta Mdoe akaonyesha mchoro wa hofu ukiporomoka kutoka kushoto kwenda kulia. Angeweza kuishia hapo. Lakini Mama Getruda alikuwa ameitikia kwa kichwa mara kadhaa, na Kaimu akaona mambo yameiva. Akaisoma ripoti nzima ya kamati, pamoja na viambatisho. Alipoinua macho kutoka kwenye ukurasa wa mwisho, madirisha yalikuwa yamegeuka rangi ya majivu.

"Nimeridhika na uliyoyasema," alisema Mama Getruda. "Tukashuke. Nitatoa tamko la Baraza pale getini, watu wote wasikie."

Dakta Mdoe alihisi miguu inakuwa myepesi. Alitoka nje nyuma ya mgeni wake akijiona tayari ni Rasi, na hapo akakuta watumishi wote wamepanga mstari mbele ya kibanda.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Getruda.

"Kwaya," alisema Dakta Mdoe. "Wanafanya mazoezi."

Mama Getruda alisimama kusikiliza hiyo kwaya. Salimu alitamka. Faudhia akatamka. Hosiana akasogea, kovu linaonekana chini ya mkono wa gauni. "Mimi Hosiana, Mkutubi, Idara ya Maktaba. Naogopa." Mgeni alilitazama lile kovu kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mlinzi.

"Na mgeni anafanyaje, baba?"

"Shikamoo, mama. Mgeni naye anatamka. Waraka haukuchagua mtu."

"Marahaba. Mimi Getruda, Mwenyekiti, Baraza la Chuo." Aliweka mkoba wake begani vizuri. "Naogopa."

Hakuna aliyecheka. Macho yote yakahamia kwa Dakta Mdoe. Alikuwa ametoka kuonyesha sifuri kwenye ukuta, kwa kalamu ya mwanga, na sasa neno moja tu lingeifuta. Njia ya mkonge aliiona kwa jicho la pembeni, nyeusi, na ukweli ni kwamba aliogopa kuliko wote pale, kwa sababu wenzake walikuwa wameizoea hofu na yeye alikutana nayo siku hiyo.

"Mimi siogopi," alisema.

Mzee Ukasha aliinamisha kichwa kwa adabu. "Basi mkuu hasindikizwi. Ndivyo mlivyoandika."

"Mkuu, tamka twende," alisema Faudhia kwa sauti ya chini. Hakuwa anatania. "Ni neno moja."

"Tangulieni. Nina faili la kumalizia."

"Vizuri," alisema Mama Getruda. "Ninakusubiri getini, Dakta. Bila wewe tamko halitoki."

Wakaondoka. Dakta Mdoe aliingia ofisini, akakaa mbele ya meza ambayo haikuwa na faili lolote, akihesabu kwamba akiwapa muda kidogo tu atawafuata kwa nyuma bila kuonekana anawafuata. Kwa ajili ya heshima ya cheo akakaa muda huo wote na ziada. Alipotoka na begi lake, tochi zilikuwa zimeshafika chini, na kilimani hapakuwa na mtu. Upendo alikwenda na wenzake. Kibanda kilikuwa kitupu.

Alisogea mpaka njia inapoanza. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na kushoto kwake jani la mkonge likatikisika, na upepo haukuwepo. Akarudi nyuma. Chini kule aliiona taa ya gari la Baraza, na pembeni yake watu wote aliotaka wasikie jina lake likitangazwa. Njia ya kufika kwenye cheo ilikuwa hiyo moja. Mwisho vyote alivyowahi kuvisoma vikamtoka kichwani, akabaki na kilichobaki, akakitoa kwa nguvu ya mapafu yake yote:

"Mimi Dakta Jonathan Mdoe! Kaimu Rasi! Ofisi ya Rasi! Naogopa!"

Sauti ilishuka mteremko mzima hadi getini. Mama Getruda alivua miwani, akaifuta, akamwambia dereva awashe gari kwa kuwa hakuna tena wa kutangazwa. Mzee Ukasha alichukua rungu, Faudhia na Salimu wakawasha tochi, na mstari mzima ukageuka kuanza kupanda, maana mtumishi ametamka na haki yake ni kusindikizwa.

Ila jibu lilitoka karibu zaidi, ndani ya mkonge, kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Tumekusikia, mzee wetu. Begi weka chini, viatu vua mwenyewe."