Kikinga Mvua cha Jomar

Mvua za Agosti zilipoanza kuugeuza mji wa Malabon, Ufilipino, karai, wenye akili walinunua mabuti. Jomar Catacutan alinunua helmeti nyeupe, akajitundikia kitambulisho shingoni, akawa fundi wa mtandao. Chuo alichosomea ufundi huo bado hakijajengwa.

Kazi ilikuwa nyepesi. Jua likiwaka, alipanda ngazi nje ya nyumba ya mtu akailegeza kwa vidole ile nati inayofunga waya wa mtandao ukutani. Mvua ikinyesha maji yanaingia, mtandao unakufa, naye Jomar anatokea na ngazi begani, sura ya huruma. Anafuta maji, anakaza nati, halafu anamuuzia mwenye nyumba "kikinga mvua": kopo la dagaa lililopakwa rangi ya fedha.

Sasa jicho lake lilitua kwa Aling Puring, mjane mwenye vyumba kumi na viwili, vyote vimepangwa na walimu wanaofundisha Kiingereza watoto wa Japani kupitia mtandao. Mtandao ukiyumba, walimu wanafunga mizigo. Jomar alilegeza nati Jumapili, mtaa mzima ukiwa misani. Jumatatu ikanyesha.

"Mama, waya wako umekunywa maji mpaka kwenye uti," alisema kutoka juu ya ngazi, mzito kama daktari. "Bila kikinga mvua, huu mtandao ni wa kuzika."

"Shuka kwanza ule, mwanangu." Aling Puring alimwekea champorado ya moto, ule uji wa mchele na kakao, na samaki mkavu pembeni. "Bei gani?"

"Peso elfu nne tu."

"Mbona rahisi hivyo? Mimi nitakupa kumi na mbili. Ila Ijumaa kuna dhoruba. Kikinga chako kikiivuka, njoo uchukue pesa zako. Mtandao ukikatika, pikipiki yako inakuwa yangu."

Jomar nusura apaliwe. Pikipiki ile nyekundu ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa njia halali, na aliiosha mara nyingi kuliko alivyojiosha. Lakini angeogopa nini? Nati ikikazwa haivuji, na mkono wa kuilegeza ulikuwa mmoja tu mjini, tena ulikuwa wake. Tamaa ikamshikisha kalamu. Akasaini hati ya mauzo, jina la mnunuzi likaachwa wazi, kama wafanyavyo wote wanaoweka pikipiki rehani. Akakaza nati, akafunga kopo lake, funguo za pikipiki akaziacha mezani.

Dhoruba ilipita, na Jumamosi asubuhi Jomar akaja na ngazi yake huku akipiga mluzi. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Walimu kumi na wawili walikuwa barazani wamekunja mikono.

"Mtandao umekufa tangu jana," alisema mmoja.

Jomar alipanda mbio. Nati ilikuwa imefunguliwa mizunguko mitatu kamili. Hakuna upepo wenye vidole hivyo.

"Mama! Kuna mtu kailegeza hii!"

"Weee! Nani huyo mwenye roho mbaya hivyo?"

"Nakwenda kwa kapteni wa barangay, mkuu wa mtaa! Sikubali!"

"Twende wote, mwanangu. Kapteni wetu anapenda kuuliza. Atataka kujua umetambuaje haraka hivyo kwamba ni mkono. Nami nitamweleza kwamba Jumapili sikwenda misani. Miguu ilinivimba, nikabaki darini naanika nguo. Kule juu mtu unaona mengi!"

Hapo Jomar akamsahau kapteni, akarudi kuitazama nati.

"Na vipindi vyetu je?" mwalimu mwingine aliuliza. "Mwanafunzi wangu ananisubiri saa nne."

"Kaza, mwanangu," alisema Aling Puring kwa upole. "Kaza kama ya kwenu."

Akakaza. Alifuta maji kwa shati lake mwenyewe, akaviringisha utepe wa mpira juu ya nati, akajaribu kwa vidole mara mbili. Ilikuwa kazi safi, ya kwanza tangu awe fundi, na hakulipwa hata senti. Ndani walimu walipiga makofi.

Aliposhuka, aliiona pikipiki yake barazani, imefunikwa turubai isilowe. Akainama kubeba ngazi.

"Hiyo iache," alisema Aling Puring. "Mvua bado nyingi, na fundi wangu ni wewe."